Mafuta ya wifi

Shosti, acha unachofanya unisikilize. Wifi yangu kamimina mafuta ndani ya air fryer yangu.

Mafuta. Nusu chupa. Kwenye mashine inayopika kwa hewa.

Nilikuwa nimezipaka chopsi za nguruwe kitunguu saumu na limau tangu asubuhi. Nikazipanga, nikawasha, nikatoka kuanika nguo. Kugeuka hivi, moshi unatoka dirishani utadhani tunachoma takataka.

Namuuliza, "Wifi, umefanya nini?" Hana hata haya. "Nimekusaidia. Ulisahau mafuta."

Nilisahau mafuta. Mimi.

Nikamwaga yote, nikasugua kile kikapu cha mashine mpaka kucha zikaisha, nikazifuta chopsi moja moja na kuzirudisha bila hata tone. Mume wangu yuko palepale anafungua madirisha, anakohoa, anaona kila kitu.

Tukakaa mezani. Mama mkwe akatafuna, akafumba macho. "Nyama laini hii jamani. Nani kapika?"

Nafungua mdomo, wifi kaniwahi. "Ni yale mafuta yangu, mama. Yeye alitaka kuzikausha."

Nikamgeukia mume wangu. Shahidi wangu. Mtu aliyekohoa. Unajua kasema nini? "Kweli dada, mafuta yamesaidia."

YAMESAIDIA.

Sasa niko chumbani, mlango nimeufunga kwa funguo. Air fryer nimeilaza kitandani upande wa mume wangu, na nimeifunika shuka. Yeye akalale jikoni, ajipake yale mafuta yaliyobaki.