Umeme wa Sufuria ya Wali

Shangazi Ok-bun,

Simu zangu huzipokei siku hizi, basi soma. Sisi wazima, na kimchi ya mwaka huu, kabichi imechacha vizuri na kukolea pilipili kama unavyoipenda.

Unaijua kazi yangu hapa manispaa ya Busan: kompyuta yangu husoma mita za umeme za wazee wanaoishi peke yao, ituambie nani wa kutembelewa. Kuhusu Mzee Gwak ilisema hajambo, maana umeme wake ulikuwa ukitumika. Kumbe alikuwa amekufa wiki nzima, na umeme ule ulikuwa wa sufuria ya umeme iliyokuwa bado ikimwekea wali uwe moto.

Nikabadilisha hesabu. Sasa natafuta umeme usiopanda wala kushuka, maana aliye hai huwasha na kuzima. Bosi wangu Pyo akafoka, "Utatuletea majina kibao! Nani atagonga milango yote hiyo?"

"Mimi," nikamjibu. "Ukitaka, nifukuze."

Jina la kwanza kutoka ni lako. Tangu ufiwe na mumeo unaniandikia tu kwamba u mzima, kumbe hata taa huwashi!

Barua hii nimeipenyeza mwenyewe chini ya mlango wako. Nipo hapa nje na bakuli la kimchi, na siondoki ng'o. Washa taa.

Mtoto wa kaka yako,
Hye-rin