Barua Mbili za Onyo

Mpendwa mshauri,

Hii ni mara ya tatu naanza kukuandikia, barua mbili za kwanza nimezichana nilipofika penye sehemu yangu mwenyewe katika kosa hili. Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha kushona sare, mwaka wa tisa sasa, mafaili ya wafanyakazi wote yako kwenye kabati langu na ufunguo ninao mimi. Kulikuwa na mama mmoja wa mashine ya vifungo, tulizoea kumwita Mama Vifungo, siku moja akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango taratibu, akaniambia figo zake zimegoma na lazima aende hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. "Mwanangu, hili libaki kati yetu, saa zangu nitazifidia." Nikamwahidi, tena nikamshika bega. Wiki mbili baadaye meneja akaniuliza mbona yule mama haonekani Jumanne na Ijumaa, nami mdomo haukukaa, nikamweleza yote nikidhani atamhurumia, kumbe nimemchongea. Akasema, "Mgonjwa hafukuzwi, mzembe anafukuzwa. Andika barua mbili za onyo, weka tarehe za nyuma."

Nikaandika. Nikatia saini. Mume wangu hana kazi, watoto wawili wako shule, nikajiambia nisipoandika mimi ataandika mwingine. Mama Vifungo akaachishwa kazi kwa uzembe, bima ya matibabu ikakatika siku hiyohiyo, akawa anasafishwa damu mara moja kwa wiki, kisha akawa haendi kabisa, na miezi minne haikuisha tukamzika.

Msibani binti yake alinikumbatia. "Anti, mama alikusifu sana, alisema pale kiwandani aliyemsikiliza ni wewe peke yako." Kisha akanivuta pembeni. "Mpaka anakata roho alikuwa anatuhesabia siku zake za kazi, anatafuta ni ipi aliyozembea. Nisaidie nijue kosa lake lilikuwa nini."

Nilimwambia nitaangalia kwenye faili. Sasa ananipigia kila wiki, nami naitazama simu inaita mpaka inakata. Na juzi meneja ameniletea jina la pili, mpakiaji mwenye maumivu ya mgongo. Nimwambie binti ukweli, au ninyamaze nisije nikamtonesha kidonda?

Mwenye Saini

Kwako Mwenye Saini,

Pole. Naiona huzuni yako na siidharau. Sasa futa machozi unisikilize.

Huogopi kumtonesha binti kidonda, unajiogopea wewe. Kidonda chake hakijafunga, ndiyo maana anakupigia! Meneja alikuamuru, sawa, na watoto lazima wale, hilo nalielewa. Lakini siri ya yule mama hakuitoa meneja. Uliitoa wewe, kabla hujatishwa na mtu yeyote.

Faili la mpakiaji usiliguse. Meneja akikubana, mwambie akuandikie agizo hilo kwa mkono wake na aweke tarehe ya leo. Watu wa namna yake wakiombwa karatasi sauti hupotea. Mumeo mweleze leo hii, asije akasikia kwa majirani. Kesho andika maelezo yako: barua zile ziliandikwa siku gani hasa, nani aliagiza, nani alitia saini. Yapeleke ofisi ya kazi ya serikali, na uongozane na mtu wa chama cha wafanyakazi. Kazi unaweza kuipoteza, sitakudanganya.

Kisha nenda kwa binti, kwa miguu yako, si kwa simu. Usiende kumlilia akusamehe ili upate usingizi. Huo mzigo ni wako, usimtwike yatima. Anza na lile analolitafuta: mama yake hakuzembea hata siku moja. Mwambie pia ni nani aliyemwandika mzembe. Mpe nakala ya maelezo yako, mwonyeshe pa kwenda kudai haki ya marehemu. Akilia, kaa. Akikufukuza, inuka uondoke, na usijitetee.