Mwezi Mzuri wa Kwenda Napoli

Kaloleni, Kisumu
6 Oktoba 1974

Kaka Walter,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo huuma akiwa kanisani na hupona akienda sokoni. Natumaini nawe u mzima, maana barua yako ya mwisho ni ya Februari na haikusema.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Mama husoma Dholuo, na sitaki asome kabla sijajua la kumwambia.

Mwaka ujao ni Mwaka Mtakatifu. Parokia inapeleka wamama wanne Roma, na Mama ni mmoja wao. Amekwisha kupigwa picha ya pasipoti, amekaza macho kama mshtakiwa. Safari ziko tatu: Machi, Mei na Septemba. Kila mmoja achague yake kabla ya Krismasi, na akishachagua habadilishi. Mama hakuuliza Roma kuna nini. Aliuliza ni mwendo gani kutoka Roma mpaka Napoli. Nilipomwambia ni saa mbili na nusu kwa treni, akasema, "Kumbe ni kama kwenda Kericho."

Hajakuona miaka sita. Baba tulimzika bila wewe. Tuambie tu, mwezi gani ni mzuri?

Dada yako,
Dorca


Napoli
27 Oktoba 1974

Dada Dorca,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila shughuli ni nyingi. Pole kwa magoti ya Mama. Asipige magoti kwenye simiti bila kutandika kitambaa.

Habari ya safari imenifurahisha mno, lakini tusiharakishe. Machi hapa ni mvua, na upepo wa baharini hupenya mifupa. Mei bado si mwezi wa kuaminika, tena nina mitihani. Septemba ni sikukuu ya mtakatifu wa mji, barabara hazipitiki, na joto ni kali kwa mtu wa umri wake. Naona ni afadhali Mama aende Roma, asali, arudi salama. Ya Napoli tutaipanga peke yake, polepole, mwaka mwingine.

Kaka yako,
Walter


Kaloleni, Kisumu
11 Novemba 1974

Kaka Walter,

Hatujambo. Mama anakusalimu na anashukuru kwa ushauri wa kitambaa. Hayo mengine sikumsomea.

Hivi umesahau ninachofundisha? Nafundisha jiografia. Hali ya hewa ya Mediterania iko kidato cha pili: kiangazi cha joto kisicho na mvua, kipupwe cha baridi kidogo chenye mvua. Kila mwaka wasichana arobaini huikariri mbele yangu, viatu vyao vimejaa tope la Nyalenda, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona mzeituni. Bahari yako naijua kuliko wewe unayekaa kando yake. Unamtishia joto mwanamke wa Kisumu, aliyekulea chini ya mabati haya haya? Unamtishia mvua mtu aliyezaliwa Nyando, ambako mto ukifurika watu hulala juu ya meza na kuku wao?

Na mitihani! Uliondoka 1968 kwa masomo ya miaka minne. Mitihani yako imekuwa kikohozi cha mzee, haina mwanzo wala mwisho.

Jirani yetu Masinde aliniuliza juzi, "Kwani mwaka wa Ulaya una miezi mingapi, mwalimu, hata ukose mmoja wa mama?" Nikacheka ili nisijibu. Nimechoka kukuchekea.

Taja mwezi mmoja.

Dada yako,
Dorca


Napoli
2 Desemba 1974

Dorca dada yangu,

Natumaini afya iko na hasira zimepoa. Mimi niko salama.

Basi iwe Mei. Umeshinda. Mwezi huo milimau hunukia mpaka barabarani, bahari hutulia, na wageni ni wachache. Nitampokea Mama Roma mimi mwenyewe. Nimekwisha kumtafutia mahali pa kulala hapa Napoli: nyumba ya masista, ng'ambo tu ya barabara kutoka kwangu, safi sana, na kanisa limo humo humo. Mchana atashinda nami, jioni atavuka akalale. Mwambie asiwe na wasiwasi wowote. Kila kitu nimekipanga.

Kaka yako akupendaye,
Walter


Kaloleni, Kisumu
20 Desemba 1974

Walter,

Tu wazima. Wewe sikuulizi hali, unaye wa kukuuliza.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliifurahia, mjinga mimi. Nilimsomea Mama kwa Dholuo, neno kwa neno, milimau na bahari na yote, huku nikijisifu moyoni kwamba nimekushinda. Alikuwa akipeta mtama. Nilipofika kwa masista, ungo ukasimama.

"Rudia hapo. Nitalala wapi?"

"Kwa masista, Mama. Ng'ambo ya barabara."

"Kwa nini?"

"Upumzike. Kuna kanisa."

"Dorca. Alipougua malaria kule Nairobi nililala chumbani mwake wiki tatu. Chini, kwenye mkeka, kando ya kitanda chake. Siku hizo hakunitafutia masista." Akaupiga ungo mara mbili, makapi yakaruka. "Ameoa lini?"

Mimi mwenye cheti cha ualimu nilikuwa nimekazana kupima mvua na upepo. Yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Umesahau njia ya kurudi kwenu, umesahau kwamba Baba ana kaburi, lakini mwiko huo umeukumbuka! Ungekuwa mwongo kamili ungemlaza sebuleni kwako, ukamficha huyo mtu kwa jirani, nasi tusingejua kamwe. Hata uongo umekushinda kuumaliza.

Anaitwa nani?

Dorca


Napoli
9 Januari 1975

Dada Dorca,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Natumaini Mama hajambo.

Anaitwa Carla. Tulioana 1971, na tuna mtoto wa kike wa miaka miwili. Baba alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Ningewaandikiaje habari za harusi? Nikasema nitaandika mwaka unaofuata. Kila mwaka ulipopita, uliofuata ulikuwa mgumu zaidi.

Carla ndiye aliyetaka Mama alale kwetu. Nilipomweleza mwiko, hakubisha, akavuka barabara mwenyewe kuzungumza na masista. Nitukane mimi, yeye mwache.

Nakuomba mwambie Mama aje Mei. Nipe tarehe na jina la hosteli yao Roma.

Kaka yako,
Walter


Napoli
16 Machi 1975

Dada Dorca,

Hamjambo? Natumaini kimya hiki si ugonjwa. Tangu Januari sijapata jibu.

Nimekwenda Roma Jumapili mbili, tarehe tisa na leo, kuzunguka hosteli za mahujaji nikiuliza kama wana orodha ya Mei kutoka Kisumu. Wananiambia niulize kwetu. Carla amejifunza kusema "Karibu Mama." Anaisema vibaya, lakini anaisema.

Nipe tarehe tu.

Kaka yako,
Walter


Kaloleni, Kisumu
2 Aprili 1975

Walter,

Tu wazima wote. Mvua imeanza. Magoti ya Mama yana nafuu, ingawa ameyapiga kwenye kila sakafu ya Roma.

Ndiyo. Amekwisha kwenda na kurudi. Siku ile ile ya ungo alijifunga leso, akaenda kwa Mama Jentrix, mwenyekiti wa wamama, akaandikisha Machi. Nilimwambia Machi ni mvua. Akasema, "Roma nimealikwa na Petro. Napoli nimealikwa na nani? Mke hajaja kuwasha moto jikoni mwangu, nami nitangulie kwenda kuketi kwake?" Akanikataza kukuandikia habari hiyo. Nilimtii kwa furaha, sikufichi. Habari za mtoto nilimdokezea tu, barua zako nilizitia ndani ya kitabu cha kidato cha pili, kwenye ukurasa wa Mediterania, nikaona nimefanya jambo la akili.

Jumapili ya tarehe tisa basi liliwachukua kwenda kusali Pompei. Njia inapita wapi, unajua kuliko mimi. Mama hakunisimulia, ni Mama Jentrix. Bahari ilikuwa upande mmoja, na upande wa pili nguo zilizoanikwa juu kabisa, kutoka nyumba hii hadi ile. Jentrix akamgusa bega. "Min Walter, si hapa ndipo alipo?" Min Walter, mama wa Walter. Hapa mtaani hana jina jingine.

Mama akajibu, "Mji ni mkubwa." Akageukia dirisha, akamtazama kila mtu aliyepita mpaka nyumba zikaisha.

Siku hiyo wewe ulikuwa Roma, ukiuliza habari za Mei. Na hakukuwa na mvua, Walter. Nimeuliza. Jua lilikuwa linawaka.

Barua hii nimeianza mara tatu, kila mara nikiinoa ikate zaidi. Leo asubuhi Mama alinikuta nikitabasamu juu ya karatasi. Akaniuliza naandika nini, nikamwambia.

"Na wewe unafurahia nini?" akasema. "Mimi ndiye sijamwona."

Kisha akauliza mtoto anaitwa nani. Nikaenda kuitoa barua yako ya Januari, nikaisoma mwanzo hadi mwisho mbele yake. Hukuandika jina, nami siku zote hizi sikuwa nimeona kwamba halimo. Alisubiri, mikono magotini, akidhani bado natafuta.

Walete. Usiulize mwezi.

Dada yako,
Dorca