Karatasi Niliyomletea Yaya

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka Bukavu, ambako mvua inanyesha tangu asubuhi na ziwa limefichwa na ukungu. Niko kwa dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, yule aliyebeba magunia ya makala, yaani mkaa, kwa kamba ya paji la uso ili mimi nisome.

Kazi yangu huko Marekani unaijua: kufundisha maisha ya Wachikana, wanawake wa Marekani wenye asili ya Meksiko, na kuandika masimulizi kutoka vinywani mwao. Kwa utaratibu wetu, msimulizi hutia sahihi kwanza, ili ijulikane kwamba amekubali. Basi kwa mazoea nikamwekea Yaya karatasi mezani, kando ya sombe ya majani ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Alicheka mpaka akakohoa. "Bamama ba kule ulibasikiliza miaka yote. Miye, wa tumbo moja na weye, unaniletea papier? Niko ku tribunal, mbele ya hakimu?"

Karatasi aliwashia makala ya chai. Nami nikamwomba anisimulie tu, bila kuandika, siku za ile kamba. Akasema kwa upole, "Mudogo yangu, ungeuliza zamani. Sasa nimesahau karibu yote."

Alama ya kamba bado iko kwenye paji lake. Nimeitazama jioni nzima.

Wewe ukitaka habari zangu, mwanangu, njoo bila karatasi, na njoo mapema.

Nakukumbatia,
Mama