Pale Tadeo Alipoinuka

Nzuguni,
S.L.P. 1418,
Dodoma.
Jumapili, 23 Agosti 1998

Mpendwa Kaka Castory,

Shikamoo kaka. Kabla ya lolote niambie habari ya kifua chako. Uliandika kwamba tangu mvua za huko Pune zianze kinakubana ukipanda ngazi. Kimepona? Mama mdogo wako anasema unywe maji ya moto na usilale na nywele mbichi. Naandika kama alivyosema, ingawa picha uliyotuma inaonyesha nywele zenyewe zimeshaanza kukuaga.

Huku tunaendelea. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chungu cha mlenda. Mama bado anachapa barua za wakubwa ofisini, ila wamemwondolea mashine yake wakamletea kompyuta, na kila jioni anarudi analalamika kwamba kitu hicho kinameza barua. Mimi bado nasubiri majibu ya chuo cha ualimu.

Najua hata haya unayasoma harakaharaka ukitafuta habari ya kanda. Barua yako ilifika mwishoni mwa Juni. Uliomba kitu kimoja tu. Ulisema Tadeo alikuandikia kabla hajaugua kwamba tumetengeneza filamu, na kwamba mwishoni kabisa, pale anapoinuka, amekuachia maneno. Ukaniomba nikutumie kanda, ukasema hukumzika ndugu yako, basi angalau umsikie.

Kaka, hapo mahali hapapo tena. Nilipafuta mimi kwa mkono wangu huu. Miezi miwili nimekaa na barua yako nikitafuta namna ya kulisema hili vizuri, nimeona haipo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana sitaki uyasikie kwa vipande.

Unamkumbuka Iddy, yule tuliyesoma naye? Mjomba wake alinunua kamera ya kupigia video za harusi, na Januari, kwa kuwa hakukuwa na harusi, Iddy akaruhusiwa kuishika. Tulikuwa wanne: yeye, mimi na Tadeo wa hapa nyumbani, na Joha wa nyumba ya pili. Kazi yetu ilikuwa kubishana. Tukitoka banda la video tunabishana mpaka nyumbani. Iddy ni mtu wa karate, anasema filamu isiyo na mateke ni hotuba. Joha alitaka za kutisha. Mimi nilisema mchezo wa redioni unazishinda zote, kwa sababu sura unaijaza mwenyewe. Tadeo wako alisimama na filamu za Kihindi, na hakuna aliyemwondoa hapo. Nilimwambia hao watu wanalia na nguo haziloani, wanakimbizana milimani na viatu vyeupe. Alinijibu kwamba kwetu mtu akifiwa ndipo tunamsema vizuri, Wahindi wanaambiana mapema na bado wanaimba. Si alikuuliza kama kweli huko India watu wanaimba mvuani? Alingojea sana jibu lako, na ulipomjibu kwamba wanakimbia kujikinga kama sisi, alisema wewe ndiye hujui pa kutazama.

Basi tukasema maneno yamezidi, tutengeneze ya kwetu. Mimi niliandika kwenye daftari. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja anayemkatalia binti yake kuolewa na kijana anayeuza kanda za muziki sokoni. Joha alikuwa binti, Iddy mchumba. Tadeo aling'ang'ania kuwa mzee. Alijibandika ndevu za pamba, akavaa koti la marehemu babu na miwani isiyo na kioo, akakohoa siku mbili mfululizo ili apate sauti. Mwishoni mzee anaanguka na kufa kwa hasira, kama Wahindi wanavyopenda, na binti analia.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulipiga sehemu hiyo uani kwetu, mchana kweupe. Tadeo akalala mkekani, tukamfunika shuka jeupe la mama. Iddy akaweka kamera juu ya stuli ikijiendesha yenyewe ili na yeye aingie kwenye picha. Joha akapiga yowe. Kaka, Joha ana sauti. Alilia kilio chenyewe, kile cha mkono kichwani, na sisi hatukukumbuka kwamba kilio hapa Nzuguni si sauti tu, ni mwito. Haikupita dakika tano, akina mama wa mtaa mzima walikuwa wameingia uani, khanga viunoni, mmoja kashika unga kwenye ungo. Mzee Mazengo, jirani yetu wa upande wa shamba, alifika na jembe begani, tayari kwa kuchimba.

Tadeo alipoinuka, wengine walikimbia. Halafu wakarudi, na matusi tuliyopewa siku ile sijayasikia hata stendi. Nilikwenda kuwapigia magoti mmoja mmoja pale mlangoni. Tadeo alibaki huko nyuma kwenye mkeka anacheka, na mimi nilimkasirikia sana. Nilidhani Iddy ameshazima kamera. Hakuwa ameizima. Hilo sikulijua mpaka niliposoma barua yako.

Malaria ilimshika Aprili. Unajua mvua hizi za elinino zilivyotufanya, mbu walikuwa wengi kuliko watu. Alitibiwa akapata nafuu, ikarudi ikampanda kichwani. Alikata roho Jumamosi saa nne asubuhi, tukiwa tunamfunga shuka ili tumpakie kwenye gari tumrudishe hospitali. Mama alitoka uani akapiga kilio.

Hakuja mtu, kaka.

Nilisimama mlangoni nikamwona mama wa nyumba ya nne anapepeta uwele. Alinyanyua kichwa, akatutazama, akaendelea kupepeta. Mama analia, mimi nalia, na mtaa unafanya kazi zake. Ilibidi Joha akimbie nyumba kwa nyumba akiwaambia kwamba mara hii ni kweli, na kwa kuwa ni yeye aliyelia kwenye ule mchezo, wako ambao bado hawakuamini. Robo saa nzima tulimlilia Tadeo peke yetu. Mzee Mazengo alipofika alikuja bila jembe. Alimshika mama mkono akasema, "Nilisikia, mwanangu. Nikasema ni watoto wale na video yao." Kisha akarudi kulichukua jembe, na ni yeye aliyepiga la kwanza kaburini.

Barabara ya Kondoa ilikuwa imekatika. Tulimtangaza redioni na mama yako, mama mkubwa, alisikia kwa jirani huko Busi, akaondoka siku hiyohiyo. Lori lilikwama, akatembea kwa miguu mpaka Haneti ndipo akapata gari jingine. Sisi tulisubiri siku mbili. Wazee wakasema maiti haingoji barabara. Mama yako alifika siku ya tatu, akaonyeshwa udongo. Hakuuona uso wa mwanawe. Nakwambia haya ingawa najua hukuandikiwa hivyo. Mama alikuficha ili usije ukaacha masomo.

Matanga yakakaa, na wanawake wakaanza kusema. Walisema ule mchezo ulikuwa uchuro, kwamba mtu hafunikwi shuka jeupe akiwa hai, kwamba watoto wale walimchuria mwenzao. Hawakunong'ona sana. Mama mkubwa alikuwa amekaa ukutani anasikia, na mimi niliyekuwa nimeandika kwenye daftari "Mzee anaanguka, anakufa," nilikuwa namgawia chai.

Kilichonijia kichwani ni kwamba siku moja ataletewa ile kanda, aone mwanawe amelala mkekani chini ya shuka na watu wanalia. Nikasema heri nife mimi. Nilikwenda kwa Iddy nikamdanganya kwamba nataka kumtazama Tadeo peke yangu. Akaniachia chumba cha mjomba wake, chenye televisheni na dekki. Kanda ile Iddy aliivunja kile kidude cha ukingoni ili isiweze kurekodiwa tena. Niliziba tundu lake kwa selotepu. Nikaipeleka mpaka pale mzee anaposhika kifua, nikabonyeza cha kurekodia bila kuunganisha kitu chochote, nikageukia ukuta. Sikutaka hata kutazama. Niliiacha iende mpaka mwisho, chenga tupu, picha wala sauti hakuna.

Niliona nimefanya jambo la upendo. Nililala vizuri siku ile, kaka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kisha ikaja barua yako, ikaniambia nilichofuta.

Katika filamu yote ile Tadeo ni mzee. Ndevu za pamba, miwani, sauti ya kukohoa. Uso wake mwenyewe na sauti yake mwenyewe vilikuwa mahali pamoja tu, pale alipoinuka. Picha yake nyingine iliyopo ni ile ya kitambulisho cha shule, na ilikwishaliwa na maji.

Mwezi uliopita mama mkubwa alishuka kutoka Busi. Alikuwa amekutana na Iddy mnadani Kondoa, na Iddy, asiyejua nilichofanya, alimweleza habari za kanda. Hakuwa na jambo jingine lililomleta. Alitua mzigo, akanawa miguu, akasema anataka kumwona mwanawe. Tulikwenda chumbani kwa mjomba wake Iddy, yeye, mama, Joha na mimi. Iddy alipoinama kuwasha, niliona aibu ya kumwacha aone chenga zile bila kuambiwa. Nikapiga magoti nikasema yote. Iddy alikaa kitini kama mtu aliyepigwa. Mama alianza kunifokea. Mama mkubwa akamnyamazisha kwa mkono, akasema, "Washeni hicho kilichobaki."

Akatazama. Mzee akatoka mlangoni na fimbo. Mzee akakohoa, akamfokea Joha, akasema mkwe asiye na ng'ombe hata mmoja ni mgeni tu. Mzee akakaa kwenye kigoda akishika goti, vile baba yenu alivyokuwa akishika. Nilikuwa nangojea alie, na hakulia. Zilipoingia chenga akasema taratibu, kama anaongea na mtu aliye karibu sana:

"Kumbe ndivyo angekuwa akizeeka."

Akaomba irudishwe. Aliitazama mara tatu. Mara ya tatu alikuwa akitabasamu kwenye kikohozi, na machozi yanashuka, na mama akatoka nje kwa sababu alishindwa.

Kanda ameondoka nayo. Aliiviringisha kwenye khanga akaitia kapuni chini ya chumvi na sabuni. Nilimkumbusha kwamba Busi hakuna umeme wala dekki, nikamwambia pia kwamba wewe umeiomba. Akasema wewe ni kijana, utapata pa kumkumbukia, yeye ataibeba. Ndipo aliponigeukia, mara ya kwanza tangu nipige magoti, akasema, "Mwandikie Castory ulichokiona. Si ulikuwepo?" Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Basi nakuandikia nilichokiona. Joha alikuwa amejitupa juu ya mkeka analia. Shuka likaanza kutikisika, nikajua anacheka chini yake. Akainuka akakaa, shuka likamdondokea mapajani. Akabandua ndevu, upande mmoja ukaganda shavuni, akauvuta kwa kucha akikunja uso. Akavua miwani. Alikuwa na jasho, na vumbi la mkeka limemchora mistari hapa kwenye shavu la kulia. Aliwatazama wale akina mama wanaokimbia, akacheka mpaka akajishika tumbo. Kisha akajikokota kwa magoti mpaka karibu na ile stuli, akakaribisha uso kwenye kamera, akasema kitu kwa Kirangi. Hakikuwa kirefu. Alipomaliza alinyanyua nyusi, unajua alivyokuwa akifanya akishakutania.

Nilisikia ni Kirangi tu, maneno sikuyashika. Nilikuwa mlangoni, nimempa mgongo nusu, namwomba radhi Mzee Mazengo. Nimemuuliza Joha, anasema alikuwa bado ana kilio masikioni. Nimemuuliza Iddy, yeye alishakimbia kujificha, na kanda hakuwahi kuitazama mpaka mwisho. Nimekaa jioni nyingi nikijaribu kuusoma ule mdomo nilivyouona, na kila mara unasema lile ninalotaka mimi liseme. Yalikuwa maneno yako, kaka. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na mimi nimeyapoteza. Kama katika barua yake alikudokezea hata neno moja, lishike. Kama hakukudokezea, usinijibu upesi. Nitangoja.

Mama anakusalimu, anasema usimwandikie mama yako kwamba umeambiwa habari ya kuchelewa kwake. Iddy na Joha wanakusalimu. Hawajaishika kamera tangu hapo, na hatubishani tena juu ya filamu. Mzee Mazengo anauliza kila Jumapili unarudi lini. Nisalimie wale wenzako wa Tanga mnaokaa nao. Mungu akulinde huko ulipo, akupe kifua kizima na usingizi, na ikifika zamu ya kukurudisha, barabara ya Busi iwe inapitika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na leo ninakuogopa,

Yasinta