Otieno, Vifaranga wa Makina Wamekufa Wote

Otieno,

Siandiki "mpendwa". Pale kaburini walikuita hivyo mmoja baada ya mwingine, nami nikanyamaza kwa sababu Mama alikuwa amenishika mkono. Nimonia imekuchukua, aibu yako umeniachia mimi.

Vifaranga uliomuuzia Mama Halima wamekufa wote. Ulikuwa hujazikwa bado walipoanza kukoroma na kupinda shingo. Yule mjane alitegemea hao kuku wamlishe yeye na wajukuu. Sasa nikipita mtaani kwake Makina wanawake wananitazama tu, salamu hakuna.

Na wewe ulijua! Uliwaleta mwenyewe kwenye maabara ya mifugo ninakofanya kazi, ukawashika huku nikiwatoa damu kwenye mshipa wa bawa. Ukanitania, "Ai sista, unadunga kuku kama watoto wa kliniki!" Tukacheka. Majibu yalipotoka nilikuja mpaka chumbani kwako Kawangware nikakueleza: protini za damu zimebadilika, zile za kupigana na ugonjwa zimepanda, zile nyingine zimeshuka. Nikakuambia nahofia kuna kirusi, pengine kile cha kideri, ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Nikakuonya usiwatoe hapo kwako, hata kama wanaonekana wazima. Ukajibu, "Sawa sista, nimeskia."

Ulisikia sana. Wauza kuku wenzako husubiri kuku wa kwanza afe ndipo wakimbize waliobaki sokoni. Wewe hukusubiri hata huyo mmoja, maana nilikupa habari mapema. Ukawabeba wakiwa bado wanarukaruka, ukamwambia yule mama, "Hawa wako sawa, damu yao imepimwa na sista yangu." Kupimwa walipimwa, mwongo wewe. Majibu ndiyo hukumwambia.

Nakuchukia, Otieno. Halafu nakumbuka ulivyonibeba mgongoni kwenye matope ya Kambi Muru ili viatu vyangu vya shule visichafuke, nalia, na nikimaliza kulia nakuchukia tena. Si ungesema tu una shida ya pesa? Mimi ni dada yako. Tungetafuta njia.

Mama ananisihi, "Marehemu hasemwi, nyumba yetu itachekwa." Imeshachekwa, ila anayechekwa ni mimi peke yangu. Kazini bado natoa damu ya vifaranga wa watu, na kila anayeniletea kikapu najiuliza atakwenda kusema nini kwa jina langu.

Jumamosi naenda Makina. Nitamwambia Mama Halima damu ile ilisema nini, na nilimwambia nani. Nitakutaja kwa jina mbele ya majirani zake. Mama ameapa kwamba nikifanya hivyo nisikanyage tena kwake, na unamjua, akiapa ameapa. Nitaenda hivyo hivyo.

Lala, kaka. Kukusamehe sijui kama nitaweza, hilo sikuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba yule mjane atajua ukweli, hata ukinigharimu mama niliyebaki naye.

Akinyi