Diski Iliyotolewa Kitambaa Chekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada. Umri: miaka 43. Kazi: fundi cherehani, nashonea nyumbani. Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya soko. Uhusiano: mke wa mtuhumiwa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, saa nne asubuhi, mdogo wa mume wangu alifika nyumbani kutengeneza kompyuta yetu iliyoingia kirusi. Tunamwita Injinia: kozi ya miezi mitatu, mdomo wa miaka kumi. Mume wangu alikuwa kazini.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama mkwe wangu. Mume wangu alimrekodi miezi yake ya mwisho, akisimulia na kucheka. Kila Jumapili anatoa nakala kwenye diski ndogo ya kuchomeka, anaifunga kitambaa chekundu, anaiweka kwenye kopo langu la vifungo pamoja na diski nyingine moja tupu. Zote nyeusi, huwezi kuzitofautisha. Miaka sita sasa. Diski hiyo imebembelezwa kuliko mimi, na nilikuwa nimechoka nayo.

Injinia aliniuliza, "Shemeji, vitu vyenu mmevitolea nakala? Maana nafuta kila kitu, naweka mfumo upya."

Nikamjibu, "Kaka yako huyo? Katoa nakala mpaka basi."

Akaomba diski tupu ya kuwekea mfumo mpya. Nilikuwa na gauni la mteja kwenye cherehani. Nilitia mkono koponi bila kutazama, nikampa ya kwanza. Kumbe diski ikipokea mfumo, vilivyomo vinafutika.

Kile kitambaa chekundu nilikitoa mwenyewe Alhamisi, nikazibia kwapa la gauni hilohilo. Nilijiambia nitafunga kingine. Sikufunga.

Saa tisa alasiri mume wangu alirudi. Kompyuta haina kitu. Akachomeka diski zote mbili, sauti hakuna.

Akamwambia mdogo wake, "Hata kumuuguza mama hukuja. Na hiki kidogo umekifuta? Nani kakupa diski hii?"

Injinia alinitazama. Akasema, "Nimechukua mwenyewe, kaka."

Mume wangu akakamata pasi yangu, akampiga nayo ya taya. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Sikufungua mdomo.

Shemeji sasa anakunywa uji kwa mrija, na bado hajanitaja. Miaka yote nilimhesabu mtu wa maneno matupu.

Naomba afande amsomee mume wangu maelezo haya. Jana nimempelekea chakula mahabusu, nikashindwa kumwambia.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyafanya.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Nimemweleza kuwa mtuhumiwa atayasikia mahakamani, kutoka kinywani mwake yeye shahidi. Ameomba akae kidogo kabla ya kuondoka.